Ngazi Saba, Ujumbe Mmoja

Nyumbani kwa Mama Pacha, siku ilianza kwa ugomvi wa ndoo. Pacha wake, wasichana wawili wa miaka kumi, walikuwa wameishika ndoo moja ya maji ya kuoga. Kila mmoja alidai kwamba yeye ndiye aliyeamka wa kwanza. Baba yao, fundi baiskeli, alikuwa ameinama chini ya meza.

"Mama watoto, spana yangu namba kumi na tatu umeiona?"

"Iko dirishani. Jana uliitumia kufungulia kopo la rangi," alijibu Mama Pacha huku akimimina chai.

"Una macho ya mwewe wewe."

"Na mgongo wa kikongwe," alisema Mama Pacha. Alicheka, lakini mkono wake ulikuwa kiunoni.

Mama Pacha alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Walikuwa wanawake sita. Mashine tatu kubwa zilifua shuka, foronya na mapazia ya wodi. Mashine hizo zilikuwa chini, katika chumba kilichochimbiwa ardhini. Kamba za kuanikia zilikuwa juu, uani. Kati ya mashine na kamba kulikuwa na ngazi saba.

Ngazi saba si kitu kwa mtu mwenye mikono mitupu. Lakini shuka mbichi ni nzito. Kila mwanamke alijaza beseni, akapanda, akaanika, akashuka, akajaza tena. Maji yalidondoka njia nzima. Ngazi ziliteleza. Mara nyingine beseni lilimponyoka mtu, na shuka safi zikalala kwenye uchafu. Hapo zilirudishwa kwenye mashine, zikafuliwa upya.

"Tujikaze kisabuni," waliambiana. "Sabuni yenyewe tunayo."

Msimamizi wao alikuwa mwanamume mwembamba mwenye haraka. Alitembea na simu mbili mkononi na kalamu sikioni. Hakuwa mtu mbaya. Ila ukimpelekea jambo lolote, alijibu neno moja: "Tutaona." Kwa hiyo wanawake walimwita Bwana Tutaona, asipokuwepo.

Jumanne moja, Shangazi aliteleza. Huyu alikuwa mkubwa wao kwa umri. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, lakini wote walimwita hivyo. Alikuwa amefika ngazi ya tano. Beseni likaenda huku, yeye akaenda kule. Mkono wake wa kushoto ukateguka.

"Niko mzima," alisema, amekaa juu ya lundo la shuka mbichi. "Shukuruni nimeangukia godoro."

Wakacheka, kwa sababu Shangazi alitaka wacheke. Lakini mkono ulivimba. Muuguzi aliufunga bendeji, akamwandikia wiki tatu za kupumzika.

Jioni msimamizi alipita. Aliangalia ngazi, akaangalia saa yake.

"Kazi hii inataka mtu wa kubeba," alisema. "Kama Shangazi hawezi kubeba tena, itabidi tutafute mwingine."

Mama Pacha alihisi damu inamchemka. Shangazi ndiye aliyemfundisha kazi. Shangazi ndiye aliyemfanyia zamu wakati pacha walipougua surua.

Akiwa njiani kurudi nyumbani, alitoa simu. Wafanyakazi wa hospitali walikuwa na kundi lao kwenye simu. Humo walikuwemo wafuaji, wapishi, walinzi, makarani, na msimamizi mwenyewe. Mama Pacha aliandika kwa herufi kubwa tupu:

"SISI SI PUNDA!!! KILA SIKU WATU WANAVUNJIKA MIGONGO NA NYINYI WAKUBWA MMEKALIA VITI TU. MTU AKIFA NDIO MTAJUA. TUMECHOKA!!!"

Akatuma. Roho ikatulia. Ilitulia kwa dakika tano hivi.

Wenzake walijibu kwa vidole gumba. Mlinzi wa geti alituma picha ya punda. Mpishi mkuu aliuliza ni nani aliyevunjika mgongo, mbona hajaambiwa? Mwisho msimamizi aliandika: "Mama Pacha, kesho saa mbili ofisini kwangu."

Kesho yake alisimama mbele ya meza ya msimamizi. Msimamizi hakupaza sauti.

"Umenisema mbele ya hospitali nzima," alisema. "Haya, yameisha. Sasa niambie, unataka nini?"

Mama Pacha alifungua mdomo. Alitaka mambo mengi. Alitaka ngazi zitengenezwe, Shangazi asifukuzwe, waletewe glavu, wafungiwe feni, na waheshimiwe. Yote yalitaka kutoka kwa pamoja, kama watu wanaogombea mlango mmoja. Hakuna lililotoka.

"Tumechoka," alisema.

"Hata mimi nimechoka," alijibu msimamizi. Simu yake moja ilianza kulia. "Nenda kazini. Hilo la ngazi, tutaona."

Nyumbani alimsimulia mumewe. Fundi baiskeli alitikisa kichwa kama mtu anayekagua gurudumu lililopinda.

"Kosa lako ni lugha, mama watoto. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Lete karatasi."

Aliandika mpaka chai yake ikapoa. Barua ilianza hivi: "Kwako Mheshimiwa sana, Baba yetu mpendwa, Nguzo ya Hospitali, Taa isiyozimika. Sisi wafuaji wako wanyonge tunapiga magoti mbele ya hekima yako isiyo na mfano..."

Pacha mmoja alikuwa akisoma juu ya bega la baba yake.

"Baba, ngazi ziko wapi?"

"Zinakuja. Kwanza tumlainishe."

"Huu ni ukurasa wa tatu, baba."

Mama Pacha hakujua acheke au alie. Alichukua barua na simu yake, akaenda nyumba ya pili.

Pale aliishi Bi Mashine. Alikuwa sekretari mstaafu. Jina hilo alilipata zamani, kwa jinsi alivyopiga chapa: vidole vyake vilisikika kama mvua juu ya bati. Siku hiyo alikuwa barazani akishona kifungo cha gauni.

"Hodi, Bi Mashine. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Uso huo umebeba nini?"

Mama Pacha alimweleza yote. Bi Mashine alivaa miwani. Alisoma kwanza ujumbe wa kwenye simu.

"Huu sikuusoma," alisema. "Huu umenipigia kelele."

Kisha alisoma barua ya fundi baiskeli. Alipofika kwenye taa isiyozimika, alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

"Mumeo amesema maneno matamu humtoa nyoka?"

"Ndiyo, bibi."

"Mwambie wewe huhitaji nyoka." Aliweka karatasi pembeni. "Mwanangu, nimepiga chapa barua za watu miaka thelathini na moja. Najua zipi zilijibiwa, na zipi zilitumika kufunikia vikombe vya chai. Wewe umepiga kelele, mumeo amepiga magoti. Hakuna aliyesema mnataka nini, wala kwa nini huyo bwana akubali."

"Akubali kwa sababu tunaumia!"

"Kweli, na lazima alijue hilo. Lakini hebu niambie. Msimamizi wako akiamka asubuhi, anaogopa nini?"

Mama Pacha hakuwahi kufikiri kwamba msimamizi naye anaamka, ananawa uso, anaogopa jambo.

"Anaogopa simu ya muuguzi mkuu," alisema polepole. "Shuka zikichelewa wodini, muuguzi mkuu anampigia. Tunamsikia. 'Ndiyo, Sista. Zinakuja, Sista.' Siku nyingine mara tatu kabla ya saa sita."

"Na shuka huchelewa kwa nini?"

"Zinaanguka pale ngazini, tunazirudia kufua, halafu..." Mama Pacha alijikatiza. "Ohoo."

"Umeona? Wewe na yeye mna adui mmoja, zile ngazi. Lakini ujumbe wako ulimfanya yeye ndiye adui. Sasa, zinaanguka mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Nyingi ni ngapi? Kwangu nyingi ni tatu, kwako labda ni mia."

"Basi tuseme ishirini kwa wiki."

"Umezihesabu?"

"Sijahesabu."

"Kahesabu kwanza. Halafu utafute njia ya kuondoa tatizo hilo. Mtu mwenye shughuli nyingi ukimpa tatizo tupu, analiweka kando. Ukimpa tatizo pamoja na njia, anabaki na kazi moja tu: kusema ndiyo."

"Na feni je? Na glavu?"

"Feni itangoja zamu yake. Ombi moja, ujumbe mmoja. Ukiomba matano, atakupa lile rahisi kuliko yote na kusema amekusaidia."

Jumatatu Mama Pacha alikwenda kazini na daftari la shule la pacha. Alilifunga kwa kamba kwenye bomba, karibu na mashine ya kwanza. Kila shuka zilipoanguka, mtu alichora kistari na kuandika idadi yake. Shuka zilipopelekwa wodini, waliandika saa.

Mfuaji mmoja alimkonyeza. "Ongeza vistari vichache. Nani atajua?"

Mama Pacha alitamani. Lakini hakuongeza.

Wiki hiyohiyo aliangaza macho kila mahali. Stooni, nyuma ya vitanda vibovu, aliona toroli la zamani la kusambazia chakula. Alipiga picha, akamwonyesha mumewe.

"Magurudumu ya mbele yamekufa," alisema fundi baiskeli. "Ya nyuma yanaumwa tu. Nitayaponya."

Seremala wa hospitali naye alisema ana mbao nene zilizobaki. Ngazi zilikuwa pana. Mbao zingeweza kulazwa upande mmoja kuwa mteremko, na upande wa pili watu wakapita kwa miguu.

Ijumaa Mama Pacha alijumlisha. Shuka zilikuwa zimeanguka mara kumi na moja. Alirudi kwa Bi Mashine akiwa mnyonge kidogo.

"Ni kumi na moja tu, bibi. Hazikufika ishirini."

"Tu? Kumi na moja ni nyingi, na ni za kweli. Andika ishirini, aje ahesabu akute kumi na moja, basi hata mkono wa Shangazi atauona wa uongo."

Jumapili mchana waliketi barazani kuandika. Mama Pacha alianza: "Mimi nimefanya kazi hapa miaka tisa kwa bidii na uaminifu..."

Bi Mashine aliweka kidole juu ya mstari huo. "Anakujua. Anza na linalomhusu yeye."

Mama Pacha alifuta. Aliandika tena, akafuta tena. Alipoandika "nyinyi wakubwa", Bi Mashine alikohoa, naye akalifuta mwenyewe. Mwisho ujumbe ukawa hivi:

"Habari za kazi, Bwana Msimamizi. Kwanza naomba radhi kwa niliyoandika kwenye kundi. Nilipaswa kuja kukuambia mwenyewe.

Nimeona njia ya kufanya shuka ziwahi kufika wodini. Wiki iliyopita shuka zilianguka ngazini mara kumi na moja. Shuka sitini na tatu zilifuliwa upya. Siku tatu kati ya tano tulichelewa. Ni ngazi hizohizo zilizomtegua Shangazi mkono.

Stooni kuna toroli la zamani. Mume wangu ni fundi baiskeli, atalitengeneza bila malipo. Seremala anazo mbao za kuweka mteremko upande mmoja wa ngazi. Toroli linasukumwa, halibebwi, kwa hiyo hata Shangazi ataweza kuendelea na kazi.

Naomba utupe ruhusa tujaribu kwa wiki mbili. Nitaendelea kuhesabu, na nitakuletea matokeo, yawe mazuri au mabaya.

Asante. Mama Pacha, chumba cha kufulia."

Mama Pacha aliusoma kwa sauti. Ulikuwa mfupi. Hakukuwa na punda wala taa isiyozimika.

"Nitume sasa?"

"Leo Jumapili, mwache na familia yake. Kesho asubuhi pia usitume. Muda gani huwa ametulia?"

"Saa nane mchana. Akinywa chai."

"Basi saa nane. Na utume kwake peke yake. Watu wawili wakielewana, kundi zima litasikia baadaye."

Jumatatu saa nane alituma. Saa tisa, kimya. Saa kumi, kimya. Jioni simu ililia, akairukia. Alikuwa mteja wa mumewe akiulizia baiskeli yake.

"Hajajibu," alimwambia mumewe.

"Kulala nako ni kazi, mama watoto. Ifanye."

Jumanne asubuhi alipofika kazini, msimamizi alikuwa amesimama chini ya ngazi. Kalamu ilikuwa sikioni, lakini simu zote mbili zilikuwa mfukoni. Alikuwa akisoma daftari la pacha kwenye bomba.

"Nipe beseni," alisema.

Wanawake wakatazamana. Mama Pacha alimpa beseni lililojaa. Msimamizi akaanza kupanda. Ngazi ya nne akasimama. Maji yalimwagikia viatu.

"Hizi shuka nzito namna hii?"

"Hizo ni foronya, bosi," alisema Mama Pacha kwa adabu. "Shuka bado ziko kwenye mashine."

Mtu mmoja aliguna kuzuia kicheko. Msimamizi mwenyewe akacheka. Alimaliza ngazi saba, akaweka beseni chini, akajinyoosha mgongo.

"Mbao na toroli, jaribuni," alisema. "Wiki mbili. Jikoni wakilidai toroli lao, mtalirudisha. Na Shangazi mwambieni asiwe na wasiwasi. Siku zake zikiisha, arudi."

Siku ya kwanza haikwenda vizuri. Mteremko ulikuwa mkali mno. Walifikisha toroli juu, wakaliachia kidogo tu ili wapumue, likageuka na kushuka lenyewe. Lilipita katikati ya wafuaji wawili na kugonga ukuta wa chini. Kwa bahati hakuna aliyeguswa.

Mama Pacha aliandika hilo pia kwenye daftari. Jioni seremala aliongeza urefu wa mbao ili mteremko ulale. Fundi baiskeli alikuja na breki ya baiskeli, akaifunga kwenye mkono wa toroli. Alilijaribu mara sita mbele ya wanawake wote, akitembea kwa madaha kama bwana harusi.

"Baba Pacha, inatosha," alisema mkewe. "Tumeona."

Tangu siku hiyo kazi ilibadilika. Watu wawili walisukuma mzigo wa mabeseni manne. Ngazi zilibaki kavu. Shangazi alirudi mkono ukiwa umepona, akapewa kazi ya kushika breki. Aliishika kama dereva wa lori, na aliyechelewa kupisha alipigiwa honi kwa mdomo.

Wiki mbili zilipokwisha, Mama Pacha alipeleka matokeo. Shuka zilikuwa zimeanguka mara mbili tu. Walichelewa siku moja, umeme ulipokatika. Na toroli lilikimbia mara moja, siku ya kwanza. Yote aliyaandika.

Msimamizi alisoma hadi mwisho.

"Muuguzi mkuu alinipigia simu jana," alisema. "Nilidhani ni yale yale. Kumbe alitaka kujua tumeajiri watu wangapi wapya." Akatabasamu. "Niachie daftari. Nami nina wakubwa wangu. Nataka kuwaomba mteremko wa saruji." Akalifunga daftari. "Hivi, ule ujumbe wako uliuanzaje?"

"Nilianza na jambo linalokuhusu wewe, bosi."

Msimamizi alichomoa kalamu sikioni na kuandika maneno hayo kwenye kiganja chake.

Baada ya miezi miwili mafundi walimwaga saruji. Mbao zilirudi kwa seremala. Jioni Mama Pacha alifika nyumbani akiwa na nguvu ya kusikiliza mashtaka ya pacha, na hata ya kuwafukuza kuzunguka nyumba. Mumewe alianza kulalamika kwamba sasa nyumba ina watoto watatu.

Wenzake kazini walianza kumwendea. Nisaidie kuomba glavu. Nisaidie kuomba kubadilishiwa zamu. Mama Pacha hakuwaandikia. Aliwauliza maswali kama aliyoulizwa yeye: Nani atasoma? Yeye anajali nini? Unaomba kitu gani kimoja? Umehakikisha unayosema ni kweli?

Siku moja, wakati wa kuanika, Shangazi alimvuta pembeni. Shangazi alikuwa amejifunza kusoma na kuandika ukubwani, na simu aliishika kwa mikono miwili.

"Nimeandika mwenyewe," alisema. "Tazama kama pana kosa."

Mama Pacha alisoma:

"Bwana Msimamizi. Ijumaa kazi yangu itafanyika kama kawaida. Nimebadilishana zamu na mwenzangu. Yeye atakuja Ijumaa, mimi nitakuja Jumamosi. Naomba ruhusa yako. Mdogo wangu anakuja kwa treni, na hatujaonana miaka sita. Shangazi."

Mama Pacha alisoma mara ya pili. Alitafuta kitu cha kurekebisha, hakukipata.

"Nani amekufundisha kuanza na kazi itafanyika?"

"Wewe. Ulipokuwa ukiwaeleza wenzako na kudhani mimi nasinzia." Shangazi alimsogezea simu. "Haya, nibonyezee. Kidole changu kinaogopa."

"Ujumbe ni wako, Shangazi. Na kidole kiwe chako."

Shangazi alifuta kidole kwenye aproni, akavuta pumzi, akabonyeza. Kisha aliitia simu mfukoni haraka, kana kwamba inaunguza, na kurudi kwenye shuka zake. Walikuwa wamebakiza shuka tatu kuanika simu ilipolia. Shangazi aliikodolea macho, akasoma neno moja moja, midomo ikicheza:

"Sawa, Shangazi. Nenda ukampokee. Na umsalimie."